Kabla Hujaingia kwenye Bonanza: mambo ya kuzingatia kuhusu ndege yenye mkia wa V

Kijana mmoja wa kwetu anayeishi Texas alinipigia simu mwezi uliopita akiwa na furaha ya mtu aliyeposa akakubaliwa. Ameona Bonanza inauzwa, ya mwaka 1953, bei anaimudu. Leseni ya rubani binafsi anayo tangu mwaka juzi, na anataka kumpeleka mkewe na mtoto kwa shemeji yake Oklahoma. Aliniuliza jambo moja tu: "Kaka, ni kweli ndege hii inaua watu?" Nilimwambia nitamjibu kwa maandishi, maana jibu ni refu na sikutaka limpite hata neno moja. Haya ndiyo niliyomwandikia, na nimeyapanua kidogo kwa ajili ya wengine wenye hamu kama yake.

Ujue kwanza unanunua nini. Beechcraft Bonanza ilizaliwa Wichita, Kansas. Iliruka mara ya kwanza tarehe 22 Desemba 1945, na mwaka 1947 ikaanza kufika kwa wateja. Siku hizo ndege ndogo nyingi zilikuwa fremu ya mabomba iliyovikwa kitambaa. Hii ilikuja na mwili wa chuma chepesi, magurudumu yanayokunjwa, na mkia wenye vibawa viwili vilivyosimama kama herufi V badala ya vitatu tulivyozoea. Za mkia huo zilitengenezwa zaidi ya 10,000 hadi mwaka 1982. Ni ndege inayoteleza hewani. Sifa hiyo ndiyo inayomfanya mtu aipende, na hiyo hiyo ndiyo inayomponza. Wamarekani waliipa jina baya, muuaji wa madaktari, kwa sababu walioweza kuinunua walikuwa madaktari na mawakili: watu wenye fedha, wenye haraka, waliozoea kufanya uamuzi na kutiiwa, lakini saa zao za kuruka zilikuwa chache.

Kwa hiyo anza na wewe mwenyewe, kabla hujaigusa ndege. Una idhini ya kuruka kwa vifaa, yaani kuongoza ndege bila kuona nje? Kama huna, mawingu ni ukuta. Ninasema ukuta kwa makusudi. Ndani ya wingu masikio yako yanakudanganya: bawa likiinama polepole, maji yaliyomo kwenye sikio la ndani hayatikisiki, nawe unaamini umekaa sawa kabisa. Pua ya ndege inashuka, mwendo unapanda, unasikia upepo unavuma kwenye vioo, unavuta usukani ili uinue pua. Kwa kuwa ndege tayari imelala upande, kuvuta kunakaza mzunguko tu. Ndege nzito yenye vyuma vingi vinavyokinga upepo ingekupa muda kidogo. Bonanza haikupi, kwa sababu hakuna kinachoizuia kukimbia.

Hili lilipimwa, tena kwa ndege yenyewe. Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwachukua watu 20 wasiokuwa na mafunzo ya kuruka kwa vifaa, wakawapandisha kwenye Bonanza pamoja na mwalimu, kisha wakawazuia wasione nje. Wote 20 walishindwa kuidhibiti ndege. Mmoja aliipandisha pua mpaka mabawa yakaacha kuibeba. 19 waliobaki waliingia kwenye ule mzunguko wa kushuka niliouelezea. Wa kwanza kushindwa alichukua sekunde 20, wa mwisho dakika 8, na wastani ukawa sekunde 178. Hazifiki dakika tatu.

Watu wengi wanaosimulia habari hii huishia hapo, nami huumia, kwa sababu sehemu inayookoa maisha ndiyo inayofuata. Watafiti wale waliwafundisha watu hao hao utaratibu rahisi: shusha magurudumu ili yakinge upepo na kuizuia ndege isikimbie, punguza nguvu ya injini, tuliza mwendo, ondoa mikono kwenye usukani, kisha geuka taratibu kwa kanyagio za miguu mpaka urudi ulikotoka. Baada ya mafunzo, katika majaribio 60 ya mwisho, 59 yalifaulu. Muombe mwalimu akufanyishe zoezi hilo kwenye ndege utakayoiruka wewe, si kwenye nyingine, mpaka mkono uende wenyewe kwenye swichi ya magurudumu bila kufikiri. Fanya hivyo kabla ya kumpakia mtoto.

Ajali ya Bonanza inayojulikana kuliko zote ilitokea usiku wa tarehe 3 Februari 1959, Iowa. Ndani walikuwamo wanamuziki watatu, Buddy Holly, Ritchie Valens na J.P. Richardson, na rubani wao Roger Peterson, kijana wa miaka 21. Waliondoka Mason City karibu saa saba usiku, theluji ikianguka, chini kukiwa na mashamba matupu yasiyo na taa hata moja. Ndege haikufika mbali. Ilianguka maili chache kutoka uwanjani, bawa la kulia likiwa limelala chini, na sindano ya mwendo ilikutwa imekwama kati ya maili 165 na 170 kwa saa. Peterson hakuwa na idhini ya kuruka kwa vifaa. Wachunguzi walisema uamuzi wa kuondoka haukuwa wa busara, wakaongeza mambo mawili ambayo wewe unaweza kuyafanyia kazi leo. La kwanza, hakupewa taarifa zote za hali ya hewa: kulikuwa na maonyo mawili ya hali mbaya ambayo hayakumfikia. La pili linanisumbua zaidi. Kifaa cha kuonyesha mkao wa ndege katika Bonanza ile kilikuwa cha aina ya zamani, kilichochora picha kinyume na vile alivyovizoea kwenye mafunzo. Fikiria kijana aliye gizani, ndege inainama, anaangalia kifaa kinachosema kweli, naye anakisoma kinyumenyume.

Ndiyo maana nasisitiza zoezi moja lisilogharimu hata senti. Ndege ikiwa imeegeshwa, injini imezimwa, kaa kwenye kiti cha rubani nusu saa. Weka kidole juu ya kila kifaa, utaje jina lake na kile kinachokuambia. Kisha fumba macho, uvipapase kimoja kimoja. Ndege ya miaka sabini imepita mikononi mwa watu wengi, na kila mmoja ameondoa hiki na kuweka kile. Mpangilio wa dashibodi yako huenda haufanani na wa Bonanza nyingine yoyote. Katika nyingi usukani wenyewe ni mmoja tu, umeshikwa na mkono wa chuma katikati, na unaweza kuhamishwa kutoka upande wa rubani kwenda upande wa abiria. Ni vizuri ujue unavyofunguka ukiwa chini, kuliko kuligundua hilo angani.

Kuhusu hali ya hewa nitasema kwa habari ya mtu ambaye wazee wetu wanamjua. Jim Reeves, ambaye sauti yake imejaza redio za nyumbani Jumapili ngapi sijui, alikuwa rubani. Tarehe 31 Julai 1964 alikuwa akirudi Nashville kutoka Arkansas akiwa na mpiga piano wake, Dean Manuel. Ndege ilikuwa Debonair, ndugu wa Bonanza mwenye mkia wa kawaida. Karibu kabisa na nyumbani alikutana na mvua ya radi, akaingia, na ndege ikaanguka msituni. Ilichukua siku mbili kuwapata. Mkia wa V haukuwepo pale kulaumiwa. Ilikuwa mvua ile ile, masikio yale yale, na nyumbani palipokuwa karibu sana kiasi cha kumshawishi mtu asigeuke.

Hata hivyo nisikudanganye kwamba mkia hauna neno. Una neno, tena zito. Mwaka 1951, kwenye toleo la C35, kiwanda kilipanua vibawa vya mkia ili ndege itulie zaidi. Ukingo wa mbele ukasogezwa mbele, lakini nguzo ya ndani inayobeba mzigo ikabaki palepale. Ukingo ukawa unaning'inia mbele bila mwega. Ndege ikizidi mwendo na rubani akivuta kwa nguvu, ukingo ule ulijikunja, na mkia ukafuata. Ndege kadhaa zilivunjika hewani kwa namna hiyo, na kwa miaka mingi watu walibishana: ni rubani aliyeingia mawinguni au ni mkia? Mimi naona yote mawili yalikuwa kweli kwa pamoja. Mwaka 1987 FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ilitoa amri kwamba ukingo huo uimarishwe kwa vipande vya chuma pale unapoungana na mwili, kuanzia C35 hadi V35B. Ya mwaka 1953 imo. Kwa hiyo kabla ya kuzungumza bei, omba vitabu vya kumbukumbu za ndege, utafute mahali kazi hiyo ilipoandikwa, na sahihi ya fundi iwepo. Kisha nenda nyuma ya ndege ukaione kwa macho.

Ukiwa huko nyuma, usiondoke upesi. Sehemu zinazocheza za mkia huo zimefunikwa kwa magnesiamu, madini mepesi yanayoliwa na kutu haraka, na vipuri vyake ni adimu na ghali mno. Mwalimu wangu alinifundisha kuzima taa za hanga, kulaza tochi juu ya kibati ili mwanga upite kiubavu, na kupitisha ncha za vidole polepole. Rangi inaweza kung'aa kama mpya huku chini yake kuna vipele vidogo kama vya joto kwa mtoto. Hivyo vipele ni kutu. Siku moja nilivikuta kwenye ndege niliyokuwa nimeshaanza kuipenda, na nikaona jambo jingine baya zaidi: ilikuwa imepakwa rangi upya mwaka uliotangulia, lakini hakukuwa na mstari hata mmoja kitabuni unaosema sehemu zile zilipimwa mizani baada ya rangi. Rangi ina uzito. Sehemu hizo zikikosa mizani, hata kwa kiasi kidogo, zinaweza kuanza kutetemeka kwenye mwendo mkubwa, na mtetemo wa aina hiyo huuvunja mkia ndani ya sekunde chache. Muuzaji alisema ndege inaruka vizuri tu. Niliaga.

Mzigo je? Hapa Bonanza ina tabia inayowashangaza waliotoka kwenye ndege za mafunzo. Matangi ya petroli yako sehemu ya mbele ya mabawa, mbele ya kitovu cha uzito. Petroli inavyopungua, kitovu kinarudi nyuma. Unaweza kuondoka kitovu hicho kikiwa ndani ya mipaka iliyowekwa, mke na mtoto wamekaa nyuma na mabegi yako nyuma yao, halafu ukafika kikiwa nje ya mipaka, pua nyepesi, usukani unaitika kupita kiasi, na ndege inakaribia kuacha kubebwa na hewa. Piga hesabu mara mbili: ya kuondoka, na ya kutua matangi yakiwa karibu kuisha. Watu wapime kwa mizani, mabegi pia. Ukikuta viti vinne usidhani vinamaanisha watu wanne.

Petroli nitaipitia kwa kifupi. Katika nyingi za zamani mafuta yanayozidi kwenye injini hurudishwa tangi la kushoto tu, basi ukianza safari kwa tangi la kulia huku la kushoto limejaa, yanamwagika nje. Soma mwongozo wa ndege yako, uthibitishe yako inafanyaje, uandike kwenye kadi na uibandike unapoiona. Tangi lisilojaa pia huweza kuikatia injini petroli ukigeuka kwa nguvu mara tu unapopaa, kwa hiyo ondoka na lililojaa na upae ukiwa umenyooka.

Na magurudumu. Mwaka 1980 bodi ya usalama wa usafirishaji ya Marekani, NTSB, ilitoa taarifa maalumu kuhusu marubani wa Bonanza na ndege za jamii yake waliokuwa wakitua salama, kisha, wakitaka kukunja flapsi, vile vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, wakakunja magurudumu. Swichi hizo mbili zilikaa kinyume na mpangilio wa ndege nyingine nyingi. Mkono uliozoea ndege ya mafunzo ulienda mahali ulipozoea. Hakuna aliyekufa katika nyingi ya hizo, lakini propela na injini viliharibika pale pale. Dawa yake ni kutogusa kitu chochote ukiwa bado unakimbia kwenye lami. Toka nje ya njia, simama kabisa, tazama swichi, itaje kwa sauti, ndipo uiguse.

Ipo American Bonanza Society, chama cha wenye ndege hizi kilichoanzishwa mwaka 1967, chenye makao hapo hapo Wichita, na kina mafunzo ya rubani yaliyotungwa kwa ajili ya ndege hii na ndugu zake. Jiunge kabla ya kununua. Wanachama wamekwisha kukosea kila unachoweza kukosea, na wanaeleza bila kuficha.

Limebaki begi. Wanamuziki wale wa mwaka 1959 walipanda ndege kwa sababu basi la ziara yao lilikuwa limeharibika kipasha joto, mpiga ngoma wao mmoja amelazwa miguu ikiwa imeumwa na baridi, na Holly alitaka kufika mapema alale na afue nguo. Sababu za kawaida kabisa, kama za harusi au kumwona mgonjwa. Kwa hiyo siku moja kabla ya safari mpigie shemeji simu, umwambie hivi: "Tukifika kesho, vizuri, tukifika keshokutwa, vizuri pia." Weka ndani ya ndege miswaki, dawa za mtoto za siku mbili, nguo za kubadili na fedha za hoteli. Ukiona wingu limeshuka mbele yako, tua uwanja ulio karibu, ufunge ndege kamba, mtafute chakula cha jioni.