Mtoto Haoni Vizuri, Naye Hajui: Kupimwa Macho Ughaibuni

Mtoto wa miaka 4 hatakwambia kwamba jicho lake moja haliko sawa. Hajui. Tangu azaliwe anaona hivyo hivyo, na jicho zima linabeba kazi ya yote mawili. Ubongo nao unazoea kulipuuza lile dhaifu, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo inavyokuwa vigumu kulizindua. Tiba hufanya kazi vizuri zaidi kabla ya miaka 7, kwa hiyo tafadhali usingoje alalamike.

Uingereza inashauri watoto wapimwe wakiwa na miaka 4 hadi 5. Marekani inapendekeza angalau mara moja kati ya miaka 3 na 5. Shida yetu wahamiaji ni kufika katikati: mtoto akiingia nchini ana miaka 6, zamu imeshampita na huenda asikuite mtu. Omba mwenyewe siku ile ile unapomsajili kwa daktari.

Halafu kuna lugha, na hapa ndipo wengi wetu tunapokwama. Mtoto aliyezoea Kiswahili nyumbani anaweza kukaa kimya mbele ya herufi, kipimo kikaishia hapo. Mwambie mpimaji mapema atumie picha au kadi ya kulinganisha. Mtoto anashika kadi mapajani, anaonyeshwa herufi moja kwa mbali, anagusa inayofanana nayo. Hahitaji kutamka chochote. Nyumbani mzoesheni kuzibwa jicho moja kwa kiganja. Ukiziba la kulia akatulia, ukiziba la kushoto akalia na kuusukuma mkono wako, huenda la kushoto ndilo analolitegemea. Mpeleke.

Makengeza yasiyokwisha nayo yapelekwe. Si kweli kwamba mtoto atayaacha akikua. Na picha ya flashi ikionyesha mboni moja inang'aa nyeupe, piga simu kwa daktari siku hiyo hiyo. Huenda ni mwanga tu, lakini yaweza kuwa saratani ya jicho, na hiyo haingoji miadi ya mwezi ujao.

Akipewa kiraka, kinabandikwa kwenye jicho zima ili lile legevu lilazimike kufanya kazi. Bibi akimwona kwenye simu atashtuka, mweleweshe. Wengi huanza na saa 2 kwa siku. Mbandike anapochora au kupaka rangi, mikono ikiwa na shughuli, maana ikikaa bure atakibandua.