Setilaiti melini: ziba data inayovuja, ndipo uwashe VPN

Juzi nilipanda meli ndogo ya mizigo iliyotia nanga Kilindini. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zimetua hapa hapa Mombasa tangu 2009, lakini ukishaipa nchi kavu mgongo huna ila dishi, na kila megabaiti ina bei. Kapteni akanipokea hivi: "Fundi, barua fupi zaenda. Nikitia manifesti, ile orodha ya mizigo, yazunguka tu."

Hatua ya 1. Zima apdeti za kompyuta zote, na WhatsApp isipakue picha wala video yenyewe. Zuia matangazo kwenye DNS ya ruta, yaani kitabu chake cha majina ya tovuti.

Hatua ya 2. Weka WireGuard, programu ya VPN (njia iliyosimbwa, yaani iliyofichwa kwa siri, hadi ofisini nchi kavu), kwenye ruta, si kwenye simu moja moja. Mimi ni mtu wa OpenWrt, programu huria ya ruta. Ruta za kupewa bure na kifurushi sizigusi. Kwenye AllowedIPs, orodha ya anwani zinazopitia VPN, andika mtandao wa ofisi peke yake. Wengi hutia 0.0.0.0/0, yaani kila kitu, wakidhani ndiyo salama zaidi, kumbe tovuti za HTTPS zimeshasimbwa. Tena modemu nyingi za setilaiti za mbali, zile za kilomita 35,786 juu, huharakisha TCP (utaratibu wa kutuma data na kungoja jibu kwamba imefika) kwa kumjibu mtumaji papo hapo. Ukiificha TCP ndani ya VPN, modemu haioni kitu, na msaada huo umeupoteza.

Hatua ya 3. MTU, yaani ukubwa wa mwisho wa pakiti moja. Hapa ndipo jua liliponizamia. Ping, pakiti ya kujaribu njia, ilirudi kwa milisekunde 600 hivi, jambo la kawaida kwa umbali ule, nami nikalaumu umbali. Kumbe WireGuard ilikuwa kwenye MTU yake ya kawaida, baiti 1420, na pakiti kubwa zikitupwa njiani kimyakimya. Barua fupi hupenya, kiambatisho hukwama.

Zima VPN, kisha pima kutoka Linux, ukiandika anwani ya seva yako:

ping -M do -s 1372 anwani

(Windows: ping -f -l 1372 anwani.) Panda na ushuke mpaka upate namba kubwa kabisa inayopita. Yangu ilikuwa 1372. Jumlisha 28 za vichwa vya pakiti ya ping, ni 1400. Toa 80 ambazo WireGuard huongeza, ni 1320. Iandike 1320 pande zote mbili, ya meli na ya ofisi. Mara ya kwanza niliandika upande mmoja tu. Kisha washa MSS clamping (inayopunguza vipande vya TCP vitoshee MTU) kwenye firewall ya ruta.

Na hakikisha unapima kupitia dishi! Vipimo vyangu vya asubuhi vyote vilikuwa safi kwa sababu ruta ilikuwa imekamata laini ya simu ya bandarini. Chomoa laini hiyo kwanza.

Hatua ya 4. Mafaili yatume kwa rsync, programu ya kunakili mafaili, hivi: rsync -z --partial; hiyo -z ndiyo hubana. Bana kabla ya kusimba, maana kilichokwisha simbwa hakibaniki. Picha za JPEG usihangaike nazo, zimeshabanwa. Zipunguze vipimo tu. Hiyo --partial usiisahau: kiungo kikikatika, ukiirudia amri faili huendelea pale lilipoachia.