Namna ya kuandika maoni ya kitabu yakamsaidia mwenzako kuamua

"Kitabu kizuri, kina mafunzo mengi." Maoni ya namna hii hayamsaidii mtu anayejiuliza kama atoe hela yake au asitoe. Sisi tunaoazimana vitabu hapa Tanga tuna desturi ya kuandikiana maoni, na nimeona yanayofaa huanza kutayarishwa kitabu kikiwa bado mkononi.

Soma na penseli. Usipigie mstari kila sentensi tamu. Weka alama ndogo pale tu ulipocheka, uliposhtuka au ulipochoka ukaanza kurukaruka aya. Hizo za kuchoka zithamini sana, maana ndizo wengi wanaona haya kuzitaja. Ukimaliza, kiache kitabu siku mbili tatu, kisha andika kwanza yale unayoyakumbuka bila kukifungua.

Kwa riwaya, hadithi yenyewe ipe sentensi mbili tatu, basi. Chukua Vuta N'kuvute ya Adam Shafi: Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja enzi za ukoloni, anaozwa kwa Bwana Raza, mtu wa umri wa kumzaa. Anamkimbia, jamaa zake wanamkataa, na baadaye anampenda Denge, kijana anayepigania uhuru. Inatosha. Sasa sema lako, na uonyeshe limetoka wapi kitabuni. Mimi niliandika kwamba Denge ana msimamo wa kusifiwa, ila aliyenikaa moyoni ni Mwamvita, shoga yake Yasmin. Ndugu wa damu wamefunga milango, yeye anafungua wa kwake bila kuuliza dini wala kabila. Naamini kabisa kwamba siasa ya riwaya ile imo zaidi katika chumba cha Mwamvita kuliko katika mikutano ya siri. Mwenzangu mmoja alikataa katakata, akakisoma upya ili anipinge. Maoni yenye msimamo huzaa mjadala wa namna hiyo.

Wasifu unataka macho mengine. Uliza: anayesimulia ni nani, alimpenda au alimwogopa anayemwandika, na wapi amepita haraka? Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti Binti Saad, aliandika kwa heshima kubwa. Ni sawa: huyu ni mwanamke wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, akaja kuitia taarabu maneno ya Kiswahili, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Mimi nakipenda kitabu kile, hasa lugha yake. Lakini Siti ninayekutana naye mle ni kielelezo cha tabia njema. Nilitamani kumwona pia akikasirika, akibishana na wapiga ala wake, akihesabu fedha zake. Andika na hilo. Heshima kwa mwandishi mkubwa haikuzuii kusema ulichokikosa.

Mtu akijiandika mwenyewe, mtege kwenye jambo gumu unalolijua kutoka kwingine. Kwa Mzee Rukhsa, kitabu cha hayati Rais Ali Hassan Mwinyi kilichotoka 2021, mimi nilikwenda kwanza kutafuta alivyoeleza kujiuzulu kwake uwaziri wa Mambo ya Ndani miaka ya 1970, halafu ndipo nikarudi ukurasa wa kwanza. Namna mtu anavyosimulia siku yake mbaya itakwambia umwamini kiasi gani anaposimulia siku zake nzuri.

Kitabu kikiwa tafsiri, mtaje mfasiri na useme kama Kiswahili chake kinatiririka. Peponi ya Abdulrazak Gurnah tumeletewa na Ida Hadjivayanis, na ile misafara ya kwenda bara inasomeka kana kwamba ilisimuliwa hivyo tangu mwanzo.

Mwisho wa hadithi usiuguse. Kuhusu Peponi nilisema tu kwamba Yusuf ni mtoto anayetolewa kufidia deni la baba yake kwa tajiri Aziz, kwamba mwendo ni wa polepole na anayetaka vituko kila ukurasa hatauvumilia, na kwamba aliyezoea kusoma usiku asiianze sura ya mwisho akiwa na usingizi. Yaliyomo humo ayakute mwenyewe.