Somo: Kuchagua mimea ya sehemu ya bustani yenye kivuli na unyevu

Mwenye bustani anapoona pembe ambayo jua haliifikii na udongo wake haukauki, jambo la kwanza linalomjia ni kutafuta orodha ya mimea inayopenda kivuli. Mimi pia nilianza hivyo, na miche yote 12 niliyoipanda ilikufa kabla ya msimu kwisha. Nilipoing'oa niliikuta mizizi imekuwa myeusi, imelainika na inanuka, ilhali kila mche ulikuwa wa aina inayosifiwa kwa kustahimili kivuli. Tangu hapo sichagui mmea wowote wa mahali pa namna hiyo kabla ya kujua jambo moja: je, hewa inaifikia mizizi?

Mzizi ni kiungo hai na unahitaji oksijeni. Katika udongo mzuri oksijeni hiyo hupita ndani ya vinafasi vidogo vilivyo kati ya chembe za udongo, lakini vinafasi hivyo vikijaa maji yasiyoondoka, oksijeni husafiri polepole mno, takriban mara 10,000 polepole kuliko inavyosafiri hewani, na mizizi ya mimea mingi huanza kuoza. Kivuli huongeza tatizo, kwa sababu jua halikaushi uso wa udongo na mmea wenyewe, ukiwa hauna mwanga mwingi wala joto, hunywa maji kidogo. Kwa hiyo sehemu mbili zinaweza kufanana kabisa machoni, zote zina giza na zote zina ubichi, lakini moja ikafaa begonia na nyingine isifae chochote isipokuwa mimea ya kinamasi. Hatua zifuatazo zitakusaidia kuzitofautisha.

Hatua ya kwanza: pima kivuli

Tazama sehemu hiyo asubuhi, mchana na alasiri, na uandike inapata jua la moja kwa moja kwa jumla ya saa ngapi kwa siku. Ikipata chini ya saa 3, ihesabu kuwa kivuli kizito. Ikipata kati ya saa 3 na 6, ni kivuli cha wastani. Siku ambayo huna muda wa kufuatilia, weka karatasi nyeupe chini, kisha nyosha mkono wako sentimita 30 hivi juu yake. Kivuli cha mkono kikionekana na kingo kali, mwanga ni mwingi. Kikiwa na kingo za ukungu, mwanga ni wa kadiri. Kisipoonekana kabisa, ni mimea michache sana itakayotoa maua hapo, na ni heri utegemee uzuri wa majani. Rudia kipimo baada ya miezi kadhaa, kwa kuwa njia ya jua hubadilika kwa majira.

Hatua ya pili: pima mwendo wa maji

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, na ndiyo ninayokusihi usiiruke. Chimba shimo lenye kina cha sentimita 30 na upana kama huo, ulijaze maji, uyaache yaishe, kisha ulijaze mara ya pili na kusimamisha ndani yake rula au kijiti ulichokitia alama. Mjazo wa kwanza ni wa kulowesha udongo tu. Unaopimwa ni wa pili. Maji yakishuka kati ya sentimita 2.5 na 7.5 kwa saa, udongo wako unapitisha maji vizuri, na unyevu unaouona ni neema. Yakishuka polepole kuliko hapo, mizizi itapata shida wakati wa mvua. Yakiwa bado yapo baada ya saa 24, una kinamasi kidogo, na unapaswa kuchagua mimea kwa msingi huo. Iwapo shimo litaanza kujaa lenyewe kabla hujatia maji, maana yake maji ya ardhini yako karibu sana na uso, na hakuna mboji itakayoyashusha.

Ukiwa bado hapo shimoni, chukua bonge la udongo kutoka chini, ulinuse na ulitazame. Udongo wenye afya hunuka kama ardhi baada ya mvua. Udongo uliokosa hewa kwa muda mrefu hunuka kama yai bovu, na rangi yake huelekea kijivu au buluu yenye madoa ya kutu, kwa sababu madini ya chuma yaliyomo hubadilika rangi pale oksijeni inapokosekana. Madoa hayo husema kweli hata wakati wa kiangazi, shimo linapokuwa kavu, kwa hiyo mimi huyaamini kuliko macho ya siku moja.

Hatua ya tatu: tafuta maji yanatoka wapi

Pengine unyevu huo si tabia ya mahali hapo hata kidogo. Huenda ni gata inayomwaga maji ya paa pembeni, bomba linalovuja chini kwa chini, au mteremko unaoleta maji ya uwanja mzima. Bomba bovu litengenezwe kwanza. Kupanda mimea juu yake ni kuficha hasara. Maji ya paa au ya mteremko unaweza kuyaongoza kwa mtaro mwembamba uliojazwa kokoto, mradi usiyapeleke kwa jirani wala kwenye msingi wa nyumba.

Hatua ya nne: rekebisha kinachorekebishika

Kwa udongo mzito wa mfinyanzi, dawa ni mboji iliyoiva, ambayo hugandisha chembe ndogo za udongo ziwe mabonge madogo yenye nafasi kati yake. Tandaza tabaka la sentimita 5 na ulichanganye na udongo wa juu, lakini usichimbe udongo ukiwa umelowa, kwa kuwa kila pigo la jembe na kila hatua ya mguu huzifunga nafasi zile zile unazozitafuta. Pale maji yanapotuama, inua tuta la sentimita 20 hadi 30 ili angalau nusu ya mizizi iwe juu ya maji. Tuta hilo lisiegemee ukuta wa nyumba, maana litapeleka ubichi ndani.

Hatua ya tano: chagua mimea

Sasa orodha ina maana. Kama kipimo chako kimeonyesha maji yanayotuama, chagua mimea iliyoumbwa kwa kinamasi, ambayo ndani ya mashina na mizizi yake ina vijia vinavyoshusha hewa kutoka kwenye majani. Katika nchi za joto, magimbi (Colocasia esculenta) ni mfano bora, na majani yake mapana hupendeza hata kwa asiyekusudia kuyala. Cyperus alternifolius, ndago ndefu ambayo majani yake hukaa kileleni mfano wa mwavuli, husimama majini bila shida. Zantedeschia aethiopica, lenye ua jeupe lililojikunja mfano wa faneli, hustahimili maji na baridi kidogo pia. Katika nchi zenye majira ya baridi kali, Caltha palustris huchanua njano mapema, miti mikubwa ikiwa bado haina majani, na Osmunda regalis, ambalo ni kangaga (mmea usiotoa maua, ambao majani yake huchipua yakiwa yamejikunja kama konokono) kubwa linaloweza kupita kimo cha mtu, huishi miaka mingi penye udongo wa majimaji.

Kama maji yako yanapita, ingawa polepole, milango iliyofunguka ni mingi zaidi, nami hupendelea kuanza na makangaga. Mengi kati yake huzaliwa chini ya miti, hutaka unyevu wa kudumu, na hayahitaji chochote kutoka kwetu isipokuwa tusiyazike. Karibu nayo panda begonia, kalathea, Spathiphyllum na Impatiens walleriana ikiwa baridi ya kugandisha haifiki kwako; ikiwa inafika, panda hosta, astilbe na haidranjia. Haidranjia isiwekwe kwenye kivuli kizito, kwani bila saa chache za jua la asubuhi hutoa majani tu. Ile ya Hydrangea macrophylla ina jambo linalostahili kuangaliwa: nyingi ya aina zake huchanua buluu kwenye udongo wenye asidi, ambako mmea huweza kufyonza alumini, na waridi kwenye udongo wenye chokaa.

Ukikutana na mmea usioujua, soma majani yake. Majani mapana, membamba kwa unene na ya kijani kilichokolea ni ya mmea uliozoea kukusanya mwanga kidogo. Majani madogo, ya rangi ya fedha, yenye vinyweleo au yaliyojaa utomvu ni ya mmea uliojilinda dhidi ya jua na ukame, na ndiyo sababu lavenda, rozimari na mishubiri huoza katika pembe kama hii hata ukiihudumia kwa upendo wote. Majani yenye mabaka meupe hung'arisha giza vizuri, ila sehemu nyeupe haina klorofili, yaani ile rangi ya kijani ambayo mmea huitumia kujitengenezea chakula kwa mwanga, hivyo mmea wa namna hiyo hukua taratibu.

Kuna mimea ambayo hufurahia mahali hapo kupita kiasi, na kabla ya kununua ni wajibu wako kuuliza hali yake katika nchi yako. Hedychium gardnerianum, jamii ya tangawizi yenye asili ya Himalaya, imekuwa gugu baya katika misitu ya Hawaii na New Zealand. Zantedeschia niliyoisifu hapo juu ni gugu huko Australia Magharibi, na magimbi yamevamia kingo za mito ya Florida.

Hatua ya sita: panda na utunze

Panda mche ukiwa katika kimo kile kile ulichokuwa nacho chunguni, au sentimita moja juu yake, kwa sababu kitako cha shina kilichofukiwa penye unyevu huoza. Acha nafasi ya kutosha kati ya mimea ili upepo upite. Tandaza majani makavu juu ya udongo kama matandazo, lakini yasiguse mashina. Mwagilia asubuhi, na kabla ya kumwagilia ingiza kidole sentimita 5 udongoni. Ukihisi ubichi, weka ndoo chini.

Maswali ya wasomaji

Mwalimu, udongo wangu ni mfinyanzi mtupu. Kwa nini umetaja mboji na hukutaja mchanga, ambao kila mtu hunishauri kuutia?

Mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi hauachi nafasi za hewa. Chembe ndogo za mfinyanzi huzijaza nafasi zilizo kati ya punje za mchanga, na udongo ukikauka huwa mgumu kama tofali. Ili mchanga ufanye kazi, ungehitaji kiasi kikubwa kiasi cha kuwa sehemu kubwa ya udongo wenyewe. Mboji hufanya kazi hata ikiwa kidogo, nawe uiongeze kila mwaka kwa kuwa huendelea kuoza na kupungua.

Nilipanda Sansevieria kwa kuwa nilisikia haishindwi na kivuli. Baada ya mvua majani yamelainika chini na yanaanguka. Je, naweza kuyaokoa?

Ulichosikia kuhusu kivuli ni kweli, lakini mmea huo huhifadhi maji ndani ya majani yake na hauwezi kuishi penye unyevu wa kudumu. Kata sehemu zilizo ngumu bado, juu kabisa ya palipooza, uziache zikauke jeraha kwa siku kadhaa, kisha uzichomeke kwenye chungu chenye udongo wa kichanga, upande uliokuwa chini ukibaki chini. Usizirudishe pale.

Ndugu mwandishi, pembe yangu iko chini ya mti mkubwa. Naweza kuinua tuta la sentimita 30 juu ya mizizi yake?

Tafadhali usifanye hivyo. Mizizi mingi inayoulisha mti iko karibu na uso wa ardhi, nayo pia inapumua. Tabaka nene la udongo juu yake linaweza kuudhoofisha mti polepole, na dalili zikaonekana baada ya miaka, wakati ambapo hakuna la kufanya. Panda miche midogo sana katika nafasi zilizo kati ya mizizi, ukichimba kwa kijiko cha bustani badala ya jembe, na usirundike udongo kwenye shina. Pale ambapo kijiko hakiingii, weka vyungu.

Konokono uchi wamekula hosta zangu zote. Nifanyeje?

Toka na tochi usiku, uwaokote kwa mkono kwa siku kadhaa mfululizo, kisha ondoa mbao na mawe wanakojificha mchana. Kumwagilia asubuhi badala ya jioni husaidia pia, kwani hutembea usiku juu ya udongo uliolowa. Ukipanda tena, tafuta Hosta sieboldiana na aina zitokanazo nayo, zenye majani manene ambayo konokono hawayapendi sana, au panda makangaga, ambayo mara nyingi huachwa.

Impatiens zangu zimepukutika majani na kubaki vijiti. Chini ya majani kulikuwa na unga mweupe.

Huo ni ugonjwa wa ukungu unaoshambulia Impatiens walleriana majani yake yanapokaa na maji kwa saa nyingi. Ng'oa mimea yote iliyougua, uitie kwenye mfuko na uitupe mbali na mboji yako, na usipande aina hiyo hapo msimu ujao. Impatiens hawkeri ina ukinzani mkubwa dhidi ya ugonjwa huo.

Nina watoto wadogo. Kuna mmea wa kuogopa katika orodha yako, na je, kuna wa kuliwa?

Magimbi, Zantedeschia na Spathiphyllum zote zina fuwele za oksaleti ya kalsiamu, ambazo huchoma na kuvimbisha mdomo na koo zikitafunwa mbichi. Watoto wakiwa bado katika umri wa kutia kila kitu mdomoni, anza na makangaga madogo na kalathea. Kwa chakula, panda nanaa, ambayo hustawi kwenye kivuli cha wastani na udongo wenye ubichi, lakini ipande ndani ya chungu chenye matundu kilichozikwa hadi karibu na ukingo, la sivyo itaitwaa bustani nzima. Magimbi nayo huliwa, kiazi na majani, mradi yapikwe hadi yaive kabisa.