Kumtembeza Mgonjwa wa Alzheimer, na Kuchunguza Mitishamba Kabla ya Kumpa

Ukimwambia mgonjwa wa Alzheimer akafanye mazoezi, huenda agizo lenyewe likamtoka akilini kabla hajafika mlangoni. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya mlezi, naye ndiye achague saa, njia na mtu wa kutembea na mgonjwa, kisha ayarudie hayo kila siku bila kuyabadilisha. Kabla ya kuanza, mpeleke kwa daktari akaangaliwe moyo, shinikizo la damu na magoti.

Anzeni na dakika kumi za asubuhi, jua likiwa bado halijawa kali, katika njia isiyo na mashimo wala bodaboda. Badala ya kutaja mazoezi, mwambie, "Mama, twende tukanunue nyanya," kisha umpe kikapu chepesi abebe mwenyewe. Mvalishe viatu vinavyoshika kisigino, kwa sababu ndala humwangusha mzee anayeburuta miguu. Tembea ubavuni mwake, na mfikapo kwenye ngazi toa agizo moja tu, "Inua mguu," usubiri auinue, ndipo umwambie apande. Ongezeni dakika chache kila wiki, kadiri anavyoweza, mkielekea nusu saa kwa siku tano, kwani Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki. Siku ya mvua, asimame na kuketi mara kadhaa kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, nawe uwe karibu. Akikataa, usimvute mkono. Mwalike tena baada ya nusu saa, na mara nyingi atakuja kwa hiari.

Usitarajie kwamba kutembea kutamrudishia majina ya wajukuu. Ni kweli kwamba katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011, wazee wasio na demensia (hali ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, ambayo Alzheimer ni aina yake mojawapo) waliotembea dakika 40 mara tatu kwa wiki kwa mwaka mmoja waliongezeka ukubwa wa hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, kwa takriban asilimia 2. Hata hivyo, jaribio la Uingereza la mwaka 2018, lililohusisha watu 494 wenye demensia, lilionyesha kwamba mazoezi yaliimarisha miili yao bila kupunguza kasi ya usahaulifu. Kwangu mimi, mzee anayeweza kuinuka mwenyewe chooni amepata faida kubwa inayostahili jasho hilo.

Kuhusu mitishamba, ninaomba tahadhari zaidi. Ginko, dawa ya majani ya mti inayosifiwa sana kwa kumbukumbu, ilijaribiwa Marekani kwa wazee zaidi ya 3,000, miligramu 120 mara mbili kwa siku, na matokeo ya mwaka 2008 yakaonyesha kwamba haikuzuia demensia. Tena inaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu kwa anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) au aspirini. Manjano ya kwenye mchuzi hayana neno, lakini vidonge vyake vyenye dozi kubwa vimewahi kuhusishwa na madhara ya ini.

Kabla ya kumpa chochote, mpelekee mfamasia chupa yenyewe pamoja na dawa zote anazotumia. Mfamasia akikubali, anza na kirutubisho kimoja tu, uandike tarehe kwenye daftari, na usimwachishe mgonjwa donepezili, ambayo ni dawa ya Alzheimer, au dawa nyingine bila idhini ya daktari. Ukiona fizi zinatoka damu, michubuko isiyo na sababu au macho ya njano, acha kumpa kirutubisho hicho na umpeleke hospitali siku hiyohiyo, ukiwa na chupa na daftari mkononi.