Somo: Kupoza maji ya akwariamu kwa frigo ndogo ya zamani

Mwezi wa kumi Lubumbashi, mvua ikiwa bado kushuka, akwariamu iliyo chini ya mabati hufika nyuzi 30 na kupita. Samaki Tropheus wa Moba, aliyezoea maji ya Tanganyika ya nyuzi 25 au 26, hupanda juu na kuhema. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo, na kwa kuwa tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari, hata hiyo kidogo inapungua tena.

Kama unataka kushusha nyuzi 2 tu, usijenge kitu. Ondoa kifuniko, elekeza feni ndogo juu ya maji, basi. Hewa kavu ya mwezi wa kumi hufanya kazi hiyo vizuri. Ya mwezi wa kwanza, iliyojaa unyevu, haifanyi. Maji yaliyopungua rudishia kwa maji ya mvua, maana chumvi za maji hazipai na mvuke.

Kwa nyuzi 4 au 5, endelea kusoma: pompi itapitisha maji ya akwariamu ndani ya tiyo iliyozama kwenye ndoo ya maji baridi ndani ya frigo, kisha kuyarudisha. Hesabu hapa ni ya akwariamu ya lita 120.

Vitu
Frigo ya lita 90 hivi ambayo kompresa yake ni nzima. Ndoo ya lita 20 yenye kifuniko. Mita 15 za tiyo (bomba laini) ya polietilini, ile nyeupe ya vichujio vya maji, kipenyo cha nje milimita 12. Pompi ya lita 1,000 kwa saa inayosukuma hadi mita 2. Kidhibiti joto STC-1000. Chumvi ya jikoni kilo 1.7, silikoni isiyo na dawa ya ukungu, sponji ya kufunika tiyo.

Kujenga

1. Toboa mlango wa frigo, matundu mawili. Usiguse kuta za pembeni: frigo nyingi zimeficha mabomba ya gesi humo, na ukitoboa moja frigo imekufa. Ndani ya mlango kuna povu tu.

2. Zungusha tiyo ndani ya ndoo, kama mizunguko 17, ukiifunga kwa kamba za plastiki ili mizunguko isigusane. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanaacha tiyo ining'inie ndani ya frigo bila maji. Hewa haipitishi joto vizuri. Maji hutoka karibu na joto lile lile yaliyoingia nalo, halafu lawama inaangukia frigo. Tiyo hiyo hiyo ikizama ndani ya maji hubeba joto mara kumi na zaidi. Shaba usitumie, ni sumu kwa samaki na konokono.

3. Weka ndoo ndani ya frigo, jaza maji lita 17, koroga chumvi yote. Bila chumvi, upande unaogusa bamba la baridi utaganda na kubana tiyo. Weka frigo kwenye nyuzi 3.

4. Pitisha tiyo mlangoni, ziba kwa silikoni, ngoja saa 24. Funika tiyo ya nje yote kwa sponji, la sivyo itatoa jasho sakafuni.

5. Pompi iwe sentimita 5 tu chini ya uso wa maji, na ncha ya kurudishia vivyo hivyo. Tiyo ikipasuka ndani ya ndoo, utapoteza sentimita 5, si akwariamu nzima.

6. STC-1000: vituo 1 na 2 ni umeme, 3 na 4 kipimajoto, 7 na 8 kupoza. Vituo vya kupoza havitoi umeme vyenyewe, ni swichi tu. Pitisha humo waya wa pompi. Frigo iache na kidhibiti chake. F1 (joto unalotaka) weka 26, F2 (tofauti inayoruhusiwa) weka 0.5, F3 (muda wa kungoja kabla ya kuwasha tena) dakika 1. Pompi itawaka kwenye 26.5 na kuzima kwenye 26.

Waya zote zipinde chini kabla ya kufika kwenye prizi, tone la maji lianguke hapo kwenye pindo. Disjonkta (swichi inayokata umeme ukivuja) ya miliampia 30 ni lazima, si pambo.

Siku ya kwanza, maji yasishuke zaidi ya nyuzi 1 kwa saa. Yakishuka haraka, bana tiyo kidogo.

Maswali ya wanachama

*Yaya, huku Katuba delestaji (kukatwa umeme kwa zamu) inakula saa sita. Haya yote si bure?*
Si bure. Ndoo yenyewe ni akiba. Lita 17 zikitoka nyuzi 3 hadi 23 hubeba joto linaloshusha lita 120 kwa nyuzi 2.8 hivi. Tafuta pompi ya volti 12 yenye wati 12, STC-1000 ya volti 12, na betri ya pikipiki ya ampia-saa 7 (7 Ah): utasukuma saa tatu bila kuiua betri. Umeme ukirudi, ngoja dakika 5 kabla ya kuwasha frigo, presha ya gesi itulie.

*Frigo haizimi hata usiku. Kasoro iko wapi?*
Angalia nyuma yake: kuwe na sentimita 10 hadi ukutani. Halafu gusa raba ya mlango, na silikoni pale tiyo zinapopita, uone kama baridi inavuja. Vyote vikiwa sawa, akwariamu yako ni kubwa kuliko frigo. Iondolee taa za mchana na jua la dirishani kabla ya kununua frigo nyingine.

*Mwezi wa saba tunatetemeka. Niifungue yote?*
Hapana, mama. Chomoa frigo, acha kidhibiti. Vituo 5 na 6 ni vya kupasha. Pitisha waya wa hita humo, F1 ibaki 26.

*Chumvi ikivuja itaua samaki?*
Pompi ikiwaka, presha iko ndani ya tiyo, kwa hiyo maji ya akwariamu ndiyo yanaingia ndoo. Ukiona maji ya ndoo yamepanda, zima pompi na inua ncha zote mbili za tiyo nje ya maji mara moja.