Jinsi ya Kusoma Majibu ya Kipimo cha Widal

Katika vituo vya afya vya Bukavu, kuanzia Kadutu hadi Bagira, mgonjwa mwenye homa mara nyingi hutoka maabara na karatasi ya Widal, kipimo cha damu cha kutafuta tifoidi, iliyoandikwa "TO 1/160, TH 1/320", na kabla hajamwona daktari huwa amekwisha kuwaambia jamaa zake kwamba ana tifoidi. Karatasi hiyo haisemi hivyo. Inasema kwamba damu yake ina kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya vijidudu, zinazowashikamanisha bakteria wa tifoidi, jambo ambalo lina sababu nyingi.

Herufi T inasimama badala ya Typhi, jina la bakteria huyo. O ni ukuta wake wa nje, na H ni mikia anayoogelea nayo. Kingamwili za O hutangulia, kwa kawaida mwishoni mwa juma la kwanza la homa, kisha hupungua baada ya miezi kadhaa. Zile za H huchelewa kidogo, lakini huweza kubaki mwilini kwa miaka, hivyo TH iliyo juu huku TO ikiwa chini mara nyingi ni kumbukumbu ya ugonjwa wa zamani.

Namba nazo zina maana yake. 1/160 ni kusema kwamba seramu ya mgonjwa, yaani maji ya damu yaliyotengwa na chembe zake, ilizimuliwa hadi ikawa sehemu moja katika 160, na bado ikaweza kuwashikamanisha bakteria. Vipimo hupanda kwa maradufu: 1/20, 1/40, 1/80, 1/160, 1/320. Kati ya 1/80 na 1/160 kuna hatua moja tu, na hatua moja huweza kutokana na mkono au jicho la mpimaji, hasa katika kipimo cha haraka cha juu ya kioo, ambapo tone la seramu huchanganywa na tone la bakteria waliouawa na kutiwa rangi, kisha mpimaji akatazama kama chembechembe zimejitokeza. Uliza kama ulipimwa kwa kioo au kwa mirija. Kipimo cha mirija huchukua saa nyingi, lakini kinaaminika zaidi.

Hakuna namba moja inayothibitisha tifoidi kila mahali. Mahali ambapo ugonjwa huu umezoeleka, watu wazima wenye afya njema huweza kuwa na 1/80 au zaidi. Malaria pia huweza kuipandisha Widal, na hapa ndipo ninapoumia zaidi, kwa kuwa wagonjwa wengi huambiwa wana malaria na tifoidi pamoja kwa sababu ya karatasi moja tu, wakapewa antibiotiki wasizozihitaji, nao bakteria wakazidi kuzizoea dawa hizo. Kipimo cha malaria kikiwa kimeonyesha vimelea, mwombe daktari akueleze ni dalili gani nyingine inayomfanya ashuku tifoidi.

Kinachosaidia zaidi ni kupima mara mbili, damu ya pili ikichukuliwa baada ya siku 7 hadi 14, katika maabara ileile na kwa njia ileile. TO ikipanda kutoka 1/80 hadi 1/320, yaani mara nne, hapo tifoidi inashukiwa kwa nguvu. Ikibaki palepale, ushahidi ni dhaifu, ingawa antibiotiki zilizomezwa mapema huweza kuzuia kingamwili zisipande. Vilevile, Widal hasi katika siku za kwanza za homa haiondoi tifoidi.

Penye uwezo, omba kipimo cha kuotesha bakteria kutoka katika damu, na damu hiyo itolewe kabla ya antibiotiki ya kwanza. Hicho kikimkamata bakteria, jibu ni la hakika, tena huonyesha dawa ipi bado inamuua. Hata hivyo nacho huwakosa wagonjwa wengi wenye tifoidi ya kweli. Baada ya matibabu usirudie Widal ili kujua kama umepona, maana kingamwili hubaki hata bakteria wakiisha.

Mgonjwa ambaye tumbo lake limekuwa gumu, au amepatwa na maumivu makali ya ghafla, au anatoa damu chooni, au ameanza kuweweseka, apelekwe hospitali yenye daktari wa upasuaji saa hiyohiyo, bila kusubiri majibu ya maabara, kwa sababu utumbo unaweza kuwa umetoboka.